Akiba ya Mama Vipande

Asubuhi, kabla hajaanza kukata, Mama Vipande hampi mtu mkono. Ukimnyooshea wako anakugusa kwa kiwiko, anaulizia watoto, anapita. Chai hanywi mpaka saa nne, kwa sababu chai, anasema, inaingia tumboni lakini inatokea vidoleni. Akiwa na mafua haingii chumbani kwake kabisa. Anakuja kukaa kwangu, chumba cha karani, anapanga mafaili yangu upya na kunikosoa. Nilipoanza kazi hapa nilidhani ana maringo. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, najua kila kitu.

Kazi yake ni hii. Daktari wa upasuaji akimtoa mgonjwa kinofu cha kupima, kinofu hicho kinaletwa kwetu maabara ndani ya kichupa. Kinalowekwa kwenye dawa, kinazamishwa kwenye nta ya moto, nta inaganda, na kinabaki humo ndani ya bloku nyeupe ndogo kuliko kiberiti. Mama Vipande anaipoza bloku juu ya barafu, anaifunga kwenye mashine yenye wembe, anazungusha gurudumu. Kila mzunguko wembe unatoa utando mwembamba mno: ukipanga ishirini, mmoja juu ya mwingine, ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Tando zinatoka zimeshikana, utepe mrefu. Anaupokea utepe kwa brashi, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, kisha anauopoa kwa kioo tunachokiita slaidi. Slaidi inapakwa rangi, Daktari wetu anaitazama kwenye darubini, anaandika maneno yake, na mimi nayachapa.

Nimeyachapa miaka ishirini na miwili bila kuweka jicho langu kwenye darubini hata siku moja. Nilikuwa nikisema kila mtu na kazi yake. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mama Vipande alikuwa akinicheka: "Karani, wewe ni mtu wa kula mchuzi bila kuuliza umepikwa na nini."

Anapokata, anazima feni na kutundika aproni nyekundu kwenye kitasa cha mlango. Aproni ikiwa pale, hata mkurugenzi haingii. Mlango ukifunguliwa upepo unaingia, na utepe ukipeperuka umekwenda. Huwezi kumrudia mgonjwa ukamwambia samahani, kile kinofu chako kimeruka, tupe kingine. Siku moja mkaguzi kutoka wizarani alifungua bila kuuliza. Mama Vipande hakugeuka. Alisema tu, "Funga mlango, ukiwa nje." Mkaguzi akaufunga, akiwa nje.

Alikuja hospitalini na miaka kumi na tisa, kuosha vioo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, mwanamke mkali aliyekuwa akimpiga vidole kwa rula kila alipopoteza kitambaa. "Kitambaa kikishakatwa hakikui," alikuwa akimwambia. Fundi wa zamani wa maabara alimwona yule mwosha vioo anavyoshika kioo kwa ncha za vidole, akamvuta kwenye mashine. Akajifunza. Akaolewa na fundi wa malori, wakapata mabinti wawili. Halafu mumewe akaugua tumbo.

Hadithi hiyo alinisimulia mara moja tu. Kinofu cha mumewe kilikuwa kidogo sana. Zamu ilikuwa ya fundi mwingine. Daktari alitaka kipimo cha kwanza, wakakata. Akataka cha pili, wakairudisha bloku kwenye mashine. Sasa, bloku ikishatolewa, kuirudisha sawasawa ni shida: ikipinda kidogo tu, wembe unakula upande mmoja, na unatupa tando kadhaa mpaka usawa upatikane. Waliporudi mara ya tatu hakukuwa na kitu ila nta. Mumewe alikufa bila kujulikana alikuwa anaumwa nini hasa, na hilo, aliniambia, lilimkaa kooni kuliko kifo chenyewe.

Tangu hapo akaweka desturi mbili. Ya kwanza, kila bloku anaikwaruza kwa ukucha ukingoni kabla ya kuifunga, ili siku ikirudi kwenye mashine irudi vilevile ilivyokaa. Ya pili ndiyo iliyompa jina. Kinofu kikiwa kidogo, anakata vipande kumi vya akiba papo hapo, anavipandisha kwenye slaidi, anaandika tarehe kwa penseli, anavipanga kwenye sanduku. Siku Daktari akitaka kipimo kingine, slaidi ipo, bloku haiguswi. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Alifundisha mafundi kwa maneno hayo miaka ishirini na minane. Hospitali nyingine ziliiga. Ni watu wangapi wamepata majibu yao kwa ajili ya sanduku lile, sijui, na simjui anayejua.

Sasa nimlete kaka yangu. Tumbo moja, mama mmoja, lakini yeye alichukua sauti yote akaniachia mimi ukimya. Kazi yake ni kunadi nguo za mitumba sokoni, na watu wote wanamwita Mnadi, hata mkewe. Anaweza kuinua shati lisilo na kola akakufanya uone aibu kwa kuwa na mashati yenye kola. Na ana tabia moja iliyokuwa ikinichosha tangu utoto: hapiti mtu anayefanya kazi bila kumwambia pole na kazi. Mfagiaji, askari wa barabarani, mtu aliyelala chini ya gari anafunga bolti. Kutembea naye mtaa mmoja ni nusu saa.

Alianza kwa kukwama kitu kooni. Hakuvuta sigara maisha yake yote, pombe anaijua kwa harufu. Mimi niliyevuta miaka kumi na tano niko mzima. Niliona hasira, sijui nimkasirikie nani. Kinofu chake kilitoka kwenye shina la ulimi, punje ya mchele. Nilichapa majibu yake mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Maabara hatuandiki majina kwenye slaidi, tunaandika namba, lakini namba ya ndugu yako ukiiona mara moja umeiona. Saratani ya koo, ile inayoletwa na kirusi.

Shemeji, mke wa Mnadi, aliposikia neno kirusi alinyamaza siku mbili, kwa sababu majirani walianza kunong'ona kirusi kimetoka wapi. Nikampeleka kwa Daktari wetu. Daktari ni mwanamke mfupi, mpole, anayesema taratibu kama anayepima sukari. Akamwambia, "Mama, kirusi hiki karibu sote tunakipata. Mimi huenda nilikipata, huyu Karani huenda alikipata. Mwili unakifukuza wala hujui. Kwa wachache kinajificha kooni miaka na miaka. Hakina habari na nani ni mwema." Shemeji akashusha pumzi. Majirani nao wakapata mtu mwingine wa kumnong'ona.

Mnadi akapigwa mionzi wiki saba. Sauti ikakauka, akawa ananadi kwa kengele na mikono. Akapona, tukasema. Baada ya mwaka uvimbe ukarudi shingoni, chini ya taya, umejibanza kwenye mshipa mkubwa wa damu. Mpasuaji akaupapasa akatingisha kichwa. "Hapo sitii kisu," alisema, "wala sindano." Ikabaki dawa mpya moja, ya kuingizwa kwa dripu kila wiki tatu. Hospitali ilikuwa imepata nafasi chache kwa utafiti, na orodha ilikuwa ifungwe Ijumaa saa sita mchana. Sharti lilikuwa moja: saratani iwe na alama fulani. Yenye alama, dawa ina pa kushika. Isiyo na alama, nafasi apewe mwingine.

Kinofu kipya hakikuwezekana. Wakaagiza kipimo kifanywe kwa kile cha zamani. Mama Vipande akafungua sanduku lake, akatoa slaidi ya akiba, ikaingia kwenye mashine ya rangi. Hakujua ni ya nani. Kwake ilikuwa namba.

Jumatano asubuhi maneno ya Daktari yakaja mezani kwangu. Nikachapa namba. Nikachapa: alama haikuonekana, sifuri kwa mia. Nikaweka nukta. Kisha nikakaa nikaitazama ile sifuri, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nikataka kuuliza mchuzi umepikwa na nini.

Sikuipeleka karatasi kwa Daktari kutiwa saini. Nilitembea nayo hadi mwisho wa korido. Aproni haikuwa mlangoni. Mama Vipande alikuwa anapangusa wembe.

"Mama," nikasema, "nionyeshe sifuri."

Akanitazama. "Sifuri ya nini?"

"Hii. Ni kaka yangu."

Aliweka wembe chini. Alikwenda kwenye trei akaitafuta slaidi, akaiweka kwenye darubini yake ndogo ya kukagulia kazi, akageuza skrubu, akanivutia kigoda. Nikafumba jicho moja, nikaliweka lingine kwenye lenzi.

Nilitegemea kuona nyama. Nikaona bluu. Uwanja mzima wa bluu, umepambika, mkubwa kuliko soko, na ndani yake vitu vidogo vya duara, maelfu, kila kimoja na mahali pake. Sikuwahi kujua kwamba ndani ya punje ya mchele mna nafasi kubwa namna hiyo. Nilisahau nimekuja kwa nini.

"Hayo makubwa yaliyosongamana ndiyo saratani," Mama Vipande alisema, sauti yake sikioni kwangu. "Sasa tazama pembeni. Vile vidogo, vyeusi vyeusi, vimejipanga."

"Naviona. Ni vingi."

"Hao ni askari wa mwili wake. Wale wakubwa kidogo katikati yao ni walaji, wanameza uchafu. Wote wamekuja kumkamata mwizi."

"Mbona hawamkamati?"

"Ndiyo hiyo alama. Askari ana mahali mwilini mwake pa kumtuliza, ili asije akawapiga na raia. Saratani nyingine inavaa alama ya kushika hapo hapo. Askari akimkaribia, anaguswa, anatulia. Anasimama tu. Alama hiyo tukiipaka rangi inatoka kahawia. Dawa inaziba katikati, mguso haupiti, askari anaamka."

"Na ya kaka haina."

"Haina. Kuna saratani zinazojificha kwa njia nyingine." Akabadilisha slaidi. "Hii ni findo, ile tezi ya kooni, la mtu mzima wa afya. Tunaliweka kwenye mashine pamoja na za wagonjwa, kuhakikisha rangi imekubali. Unaona?"

Niliona kahawia, wavu mzuri wa kahawia, umetambaa katikati ya bluu.

"Lakini huyu si mgonjwa," nikasema.

"Hata mzima anayo kidogo. Walaji wanayo. Ndiyo breki ya mwili, kila mtu anayo."

Mimi si msomi. Mimi ni karani, na karani anajua kitu kimoja, kulinganisha karatasi mbili. Nikasema, "Kama kila mtu anayo, na walaji wa huyu wanayo, walaji wa kaka mbona hawana hata kidogo?"

Mama Vipande akairudisha slaidi ya Mnadi, akaniondoa kwenye kigoda kwa nyonga, akatazama. Alitazama muda mrefu. Aliisogeza juu, chini, kushoto. Halafu akaitoa, akaipeleka dirishani, akasoma ukingo wake ulioandikwa kwa penseli. Mwandiko ulikuwa wake na tarehe ilikuwa ya miezi kumi na minne nyuma.

"Kila mtu anayo," alisema, polepole, si kwangu. "Hakuna mtu mweupe hivi, bila kahawia hata chembe. Huu si weupe wa mtu. Huu ni weupe wa kitu kilichofifia."

Nikamuuliza ana maana gani. Akaketi.

"Ndani ya nta nyama imefunikwa, hewa haiifikii. Nimeikata, nimeianika juu ya kioo, nimeiweka kwenye sanduku mwaka mzima na zaidi. Vipimo vya zamani havikujali. Nilipima kirusi chake, kikatoka. Lakini hii alama ni mpya kwetu, hatuna nayo hata mwaka, na hewa imeifuta." Akaishika ile slaidi kwa ncha za vidole, kama alivyofundishwa. "Imeoza, Karani. Akiba yangu imeoza."

Nilimwona mtu aliyejenga nyumba miaka ishirini na minane akigundua msingi una ufa. Angeweza kunyamaza. Rangi ilikubali, findo lilitoka kahawia, kila kitu kilikuwa kimefuata utaratibu, na utaratibu hauna wa kuulaumu. Alivua glavu akaenda kwa Daktari, nami nyuma yake na karatasi yangu isiyo na saini.

"Daktari, kuna kosa na ni langu," alisema kabla hajafika kwenye kiti. Akaeleza yote. Daktari akasikiliza, akaweka slaidi kwenye darubini yake kubwa, akatazama.

"Nami nilipaswa kuwatazama walaji," alisema mwishowe. "Bloku imebaki na nini?"

"Ganda la kitunguu. Labda tando tano. Ikirudi vibaya kwenye mashine, hakuna."

"Na ikiisha?"

"Ikiisha imeisha. Hakuna pengine pa kutoa."

Daktari akanigeukia mimi. Nilimwaza mume wa Mama Vipande, fundi wa malori, aliyemalizikia kwenye usawa wa bloku. "Kateni," nikasema.

Alhamisi saa moja asubuhi alinigusa kwa kiwiko, akaulizia watoto. Akazima feni. Aliposhika aproni nyekundu nikageuka niondoke, akasema, "Kaa humu. Ukikaa nje utanifikiria kupitia mlango, na hiyo ni mbaya kuliko upepo. Simama pale kwenye kabati, usipumue sana."

Nikasimama pale kwenye kabati.

Bloku aliiacha juu ya barafu muda mrefu kuliko kawaida. Aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza mpaka akaona ule mkwaruzo wa ukucha wake, wa miezi kumi na minne, umebaki ukingoni. Akaifunga kwenye mashine mkwaruzo ukiwa juu. Hakuzungusha gurudumu. Aliinama hadi jicho lake likawa sawa na wembe, akaangalia ule mwanya mdogo kati ya wembe na nta, mwanga ukipita. Akalegeza skrubu, akagusa bloku kwa kidole gumba, akakaza. Akainama tena. Alifanya hivyo mara sita. Nilikuwa nimeishi jirani na kazi hiyo miaka ishirini na miwili, ukuta mmoja, nikidhani anakata kama watu wakatavyo mkate.

Kisha akatoa pumzi yote, akazungusha.

Utando wa kwanza ulitoka mzima. Ulikuwa na doa katikati, kivuli kidogo cha kijivu, na kivuli hicho ndicho kaka yangu. Wa pili ulichanika. Niliuona ukichanika, na yeye hakusita, mkono ulikwenda vilevile. Wa tatu mzima. Wa nne mzima, doa limekuwa dogo. Wa tano doa lilikuwa ukubwa wa herufi. Wa sita ulikuwa nta, mweupe kabisa.

Akaachia gurudumu. Aliulaza utepe kwenye maji, ukajinyoosha, na vile vivuli vinne vikaelea pale, vyepesi kuliko mvuke. Mimi sikujua kama ninalia mpaka aliposema, "Karani, machozi ni maji, lakini si kwenye beseni langu."

Rangi ilichukua mpaka saa nane mchana. Sikuchapa kitu siku hiyo. Kama kuna mgonjwa aliyecheleweshewa majibu, anisamehe. Daktari alituita wote wawili. Darubini yake ina macho mawili ya pembeni kwa wanafunzi, tukainama pamoja, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja.

Bluu ilikuwepo, uwanja uleule. Lakini sasa kila seli ya saratani, moja baada ya nyingine, ilikuwa imezungushiwa mstari mwembamba wa kahawia. Si zote. Nyingi. Zimevaa, zimekaa kwa raha zao. Na walaji walikuwa na kahawia yao, na katikati, hatua moja tu kutoka kwa adui, wale wadogo weusi weusi wamesimama safu kwa safu, wametulizwa. Wala hawakuwa wameshindwa, maana hawakuwa wamepigana. Kitu tulichokuwa tunakiombea kionekane ndicho hichohicho kilichokuwa kinamuua.

Daktari alihesabu kwa kidude chake cha kubofya. Nilisikia kila bofyo. "Arobaini kwa mia," alisema, akarudia kuhesabu mahali pengine, akasema tena, "Arobaini."

Nilikwenda kuchapa. Mama Vipande akanifuata, akasimama nyuma ya kiti changu. "Chini yake ongeza," alisema. "Andika kwamba jibu la kwanza lilikuwa na kosa. Andika slaidi ilikuwa imekatwa zamani. Andika nani aliikata."

"Mama, hilo la mwisho si lazima."

"Andika. Na andika nakala kwa kila hospitali niliyoifundisha. Huenda kuna sifuri nyingine huko."

Nikaandika. Zilikuwepo, baadaye tulikuja kujua. Tatu. Wawili waliwahi dawa.

Karatasi ya Mnadi ilifika kwa wenye orodha Ijumaa saa tatu asubuhi. Nikaipeleka kwa miguu mwenyewe, sikuamini mtu.

Dawa hii si muujiza, na Daktari alituonya: kwa wengi askari hawaamki hata ukiwazibia alama. Miezi mitatu ya kwanza uvimbe ulikaa palepale, shemeji akawa anaupima kila asubuhi kwa utepe wa cherehani na kuniandikia ujumbe. Mwezi wa nne ulipungua. Wa saba, ukipapasa unatafuta. Neno amepona tumekatazwa, na hatulisemi. Tunasema yuko kazini, maana amerudi kunadi, kwa sauti ya mtu anayekwaruza sufuria, na watu wanasogea karibu ili wamsikie. Anasema biashara haijawahi kuwa nzuri hivi.

Mwezi uliopita akaja maabara. Alitaka kumwona aliyemkata. Mama Vipande hapendi kuonana na wagonjwa. "Mimi nawajua upande wa ndani," anasema, "sura zinanichanganya." Lakini Mnadi alikuwa ameshaingia, ameshamwambia mfagiaji wetu pole na kazi, na mlinzi, na mtu wa barafu.

Akamletea gauni, la mitumba, zuri, akamwapia kwamba hakuna la pili mjini. Mama Vipande akaligeuza, akatazama mishono ya ndani kwanza, mtoto wa fundi cherehani, akakubali kwa kichwa. Kwenye ukuta nyuma yake, juu ya lile sanduku, pamebandikwa karatasi ya mwandiko wake: akiba ya alama mpya, mwisho miezi miwili. Mnadi akauliza kama bloku yake ipo. Ipo, tunazitunza miaka ishirini. Akaishika, akaitazama, nta tupu yenye mkwaruzo ukingoni. "Mali imekwisha," alisema kwa ile sauti yake iliyokwaruzika, na sote tukacheka, hata Mama.

Kisha akaomba aone. Mama Vipande akaiweka slaidi yake yenye kahawia, akageuza skrubu, akamvutia kigoda kilekile. Mnadi akainama. Kaka yangu, ambaye tangu nizaliwe sijawahi kumwona amekaa kimya dakika mbili, alikaa kimya.

"Hawa wadogo weusi," alisema mwishowe. "Ni wangu?"

"Wako," akasema Mama Vipande.

"Walikuwa wamesimama hapo muda wote ule? Wakati mimi nawaza nimeachwa peke yangu?"

"Muda wote. Walikuwa wamezuiwa tu."

"Na sasa?"

"Sasa wanafanya kazi."

Mnadi akainua kichwa kutoka kwenye lenzi. Akafungua kifungo cha juu cha shati, akaweka kiganja shingoni, pale uvimbe ulipokuwa, akainamisha kidevu kuelekea kifuani kwake mwenyewe.

"Poleni na kazi," akasema.

Mama Vipande alikuwa ameshika slaidi nyingine kwenye mwanga wa dirisha, kwa ncha za vidole. Hakugeuka.

"Tumeshapoa," akajibu kwa niaba yao.